Haiba ya Kiongozi ni Amana, Si Hoja

HOTUBA YA KWANZA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye mamlaka yote ni yake, na kila mwenye madaraka hapa duniani ameazimwa tu kwa muda. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyeshika mwendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliomo msikitini humu na ninyi mnaotusikiliza majumbani mwenu kwa njia ya redio, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Mcheni katika ibada zenu, na mcheni vile vile katika mambo ambayo watu wengi hudhani hayana uhusiano na ibada, yakiwemo kumchagua mtu, kumsifu mtu na kumfuata mtu.

Ndugu Waislamu, mtu akipanda kutoka hapa Karatu, akapita lango la Lodoare na kuingia katika msitu wa Ngorongoro, hufika mahali pa juu ambapo asubuhi nyingi ukungu hutanda hata asione hatua kumi mbele yake. Na upande mmoja wa njia hiyo kuna bonde lenye kina cha mita 600 hivi. Siku moja katika ukungu huo tulisimama kando ya njia kulipisha kundi la ng'ombe. Macho hayakufaa kitu. Kilichosikika ni kengele iliyofungwa shingoni mwa ng'ombe mmoja, na wengine wote wakaifuata sauti ile. Tulimwambia mzee wa Kimaasai aliyekuwa na kundi lile kuwa kengele yake inajua njia. Mzee akacheka, akatujibu kuwa kengele haijui njia. Ajuaye njia ni mchunga, nayo kengele hufungwa ili mchunga ajue kundi lake liko wapi.

Maneno ya mzee yule hayajatutoka moyoni, kwani tumeona kuwa wanadamu nao wana kengele zao. Yuko mtu ambaye Mwenyezi Mungu amempa sauti, au sura, au ulimi, au ushujaa, au nuru fulani isiyoelezeka, hata akisimama watu hunyamaza, akitembea watu humfuata, akicheka watu hucheka. Waswahili huiita sifa hii haiba, na wengine husema mvuto. Mwanachuoni mmoja wa Kijerumani, Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, aliitazama kuwa ni mojawapo ya misingi mitatu ya utawala: watu humtii mtawala kwa sababu ya mila, au kwa sababu ya sheria, au kwa sababu ya mvuto wa nafsi yake mwenyewe. Naye alionya kuwa utawala wa namna hii ya tatu una udhaifu wake, kwa sababu mwenye mvuto hufa, na mvuto hauzikwi ukaota.

Sasa twajiuliza: Uislamu wasema nini juu ya haiba? Je, ni jambo la kuchukiwa? La, hasha. Mwenyezi Mungu anatufahamisha katika Sura ya Aali Imran kuwa upole wa Mtume wetu ulikuwa ni rehema itokayo kwake, na kwamba lau angalikuwa mkali mwenye moyo mgumu, watu wangalimtawanyika. Basi mvuto wa kiongozi ni neema. Lakini tazameni, ndugu zetu, aya hiyo hiyo haikuishia hapo. Baada ya kutaja upole, yamwamrisha Mtume awasamehe watu wake na ashauriane nao katika mambo. Yaani hata yeye, aliyependwa kuliko kiumbe chochote, hakuambiwa kuwa mapenzi ya watu yamtosha. Aliambiwa ashauriane.

Na katika Sura ya Al-Baqara twasimuliwa habari za Wana wa Israili walipotaka mfalme, wakapewa Talut. Wao walimpinga kwa kuwa hakuwa na mali. Mtume wao akawajibu kuwa Mungu amemchagua, naye amemzidishia elimu na nguvu za mwili. Zingatieni mpango huo: elimu imetajwa kwanza, umbo likafuata. Na Nabii Musa (A.S.), aliyepelekwa kwa mtawala mkubwa wa zama zake, alikuwa na uzito katika ulimi wake. Yeye mwenyewe alikiri kuwa ndugu yake Harun ni fasaha kuliko yeye, akaomba apewe awe msaidizi wake. Akapewa. Lakini ujumbe ulibaki kwa Musa. Fasaha alikuwa waziri, na mwenye ulimi mzito ndiye aliyeongoza umma.

Kinyume cha hayo, Mwenyezi Mungu ametuonya katika Sura ya Al-Munafiqun juu ya watu ambao tukiwaona miili yao hutupendeza, na wakisema tutawasikiliza, ilhali wao ni mfano wa magogo yaliyoegemezwa ukutani. Subhanallah! Wazee wetu wa pwani nao walikwisha sema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gogo na kipande cha mti! Hekima ya wazee imekutana na Wahyi mahali pamoja.

Ndugu zetu katika imani, hatupendi maneno haya yabaki hewani. Nchi hii tunayoishi, kuanzia kingo za Ngorongoro mpaka uwanda wa Monduli, ina mifano yake, nasi yatupasa kuisoma kama tunavyosoma mifano ya watu wa kale.

Kabla ya Wajerumani na Waingereza kuzigawana nchi zetu, alikuwako katika Wamaasai laibon mkubwa aitwaye Mbatiany. Sisi Waislamu hatuamini kuwa mwanadamu aijua ghaibu, na hilo twalisema wazi. Lakini hatuwezi kukanusha kuwa mtu huyo alikuwa na haiba kubwa, na jina lake lilitajwa kwa heshima kutoka huku mpaka nchi ya Kenya ya leo. Alifariki karibu na mwaka 1890, wakati ule ule sotoka ilipomaliza ng'ombe na ndui ikamaliza watu. Wanawe wawili, Olonana na Sendeu, wakaigombania nafasi yake, na Wamaasai waliokwisha kudhoofishwa na njaa wakapigana wao kwa wao. Haiba ya baba haikugawanyika kama mifugo. Kilichogawanyika ni umma.

Kisha sikilizeni lililofuata. Kwa desturi yao Wamaasai hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na wasemaji wa marika. Lakini Waingereza, kwa kuwa walitaka mtu mmoja wa kusema naye, walimfanya Olonana kuwa mkuu wa wote. Mwaka 1904 yeye na viongozi wenzake walikubali mkataba ambao kwa huo Wamaasai waliacha malisho yao bora ya Bonde la Ufa, wakiahidiwa kuwa ardhi waliyopewa badala yake itakuwa yao daima. Daima hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawahamisha tena wale waliopelekwa Laikipia. Ndugu Waislamu, umma ukimkusanyia mtu mmoja sauti zake zote, mwenye kutaka kuunyang'anya umma huo hahitaji tena kuwashawishi watu wote. Atamtafuta huyo mmoja.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliliona jambo hili karne nyingi kabla yetu. Katika Muqaddima yake ameeleza kuwa utukufu wa nyumba moja kwa kawaida haupiti vizazi vinne: wa kwanza huujenga kwa jasho lake, wa pili alimwona baba akijenga, wa tatu huiga tu, na wa nne hudhani ni haki ya kuzaliwa, akaubomoa. Hivyo mtu asitafute karama ya baba katika uso wa mtoto.

Tuje kwenye zama za Uhuru. Hakuna Mtanzania aliyevuta nyoyo za watu kama Mwalimu Julius Nyerere. Na kati ya mambo yanayostahili kusomeshwa vijana wetu ni haya mawili. Mwezi Januari mwaka 1962, majuma sita tu baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu kwa hiari yake akaenda kukiimarisha chama. Na mwaka 1985, hali angali na nguvu na watu wakimpenda, aliacha urais akamkabidhi Mzee Ali Hassan Mwinyi. Tangu hapo nchi imebadilisha marais mara kadhaa, na mwaka 2021 rais alipofariki akiwa madarakani, makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, alishika nafasi kwa mujibu wa katiba. Mwenye haiba aliyewazoeza watu kuishi bila yeye amewafanyia wema mkubwa.

Lakini uadilifu watutaka tuseme na upande wa pili. Katika miaka ile watu walifundishwa kuitikia mikutanoni kuwa zidumu fikra za Mwenyekiti. Basi ilipokuja operesheni ya vijiji, katika miaka ya 1973 hadi 1976, wananchi wengi walihamishwa kwa nguvu, na wako waliochomewa nyumba zao. Wangapi kati ya watendaji waliona madhara wakanyamaza? Kwa kuwa fikra zikishaambiwa zidumu, nani atathubutu kusema kuwa moja katika hizo yataka kusahihishwa? Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa hoja, na alikuja kukiri kuwa kulikuwa na makosa. Waliomdhulumu ni wale waliogeuza mapenzi yao kuwa kiziba masikio.

Na ajabu ni kuwa Mwalimu aliijua hatari hii. Ninyi wanafunzi mnafahamu kuwa aliifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari wa Roma, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1963. Humo umati wa watu wamshangilia msemaji mmoja, kisha kabla ya muda kupita wamsikiliza wa pili, wakageuka na kutaka kuchoma nyumba za yule wa kwanza. Hawakupewa muda wa kufikiri, wala hawakuutaka. Mtu aliyekuwa na ulimi kuliko wote katika nchi yake alichagua kuwafasiria watu wake kitabu kinachoonya juu ya ulimi.

Kisha tuna jirani yetu wa Monduli, hayati Edward Moringe Sokoine, aliyezaliwa mwaka 1938. Alikuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1977 hadi 1980, na tena tangu Februari 1983 mpaka alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Dakawa, mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Haiba yake haikuwa ya maneno mengi, bali ya bidii na ya kuchukia dhuluma. Alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, maduka yalikuwa matupu, sabuni na sukari vimekuwa anasa, na watu waliona hatimaye amepatikana wa kuwatetea. Walilia alipokufa, na chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake mwaka huo huo.

Tunamkumbuka kwa heshima. Walakini somo limo hata humo. Watu walikamatwa kwanza, sheria ya kuwashitaki ikaja baadaye, na mwaka 1984 sheria hiyo ilibidi kubadilishwa na nyingine. Moto wa mtu mwema hupasha chakula, lakini nao wataka mafiga. Mafiga ni sheria. Pasipo mafiga, chungu humwagika, na pengine huunguza asiye na kosa.

Ama hapa Karatu petu, hatuna haja ya kwenda mbali. Dakta Wilbrod Slaa, aliyekuwa padri wa Kanisa Katoliki kabla ya kuingia siasa, aliiwakilisha Karatu bungeni kwa miaka kumi na mitano, tangu 1995 hadi 2010, kwa tiketi ya chama cha upinzani cha Chadema. Mwaka 2010 aligombea urais akashika nafasi ya pili, akipata zaidi ya robo ya kura za nchi nzima. Alipoacha ubunge, wananchi wa Karatu walichagua tena mbunge wa chama hicho mwaka 2010, na mwingine mwaka 2015. Mwaka 2020 kiti kikaenda kwa chama kingine. Hatusimami hapa kusema chama gani ni bora. Mimbari si jukwaa. Tunasema tu kwamba kwa miaka kumi baada ya mtu yule kutoka kulibaki kitu ambacho watu walikishika, na hiyo ni dalili kuwa hawakuwa wakifuata sura peke yake.

Lakini mwaka huo wa 2015 chama hicho hicho kilimpokea Edward Lowassa, mwana wa Monduli, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2005 hadi 2008, naye akafanywa mgombea wa urais. Viongozi wa chama walikuwa wamemshutumu kwa miaka mingi. Kwa nini basi walimpokea? Kwa sababu alikuwa na watu. Mikutano yake iliitwa mafuriko. Dakta Slaa akajitenga na chama. Mgombea akapata kura karibu arobaini katika kila mia, asishinde, na mwaka 2019 akarejea chama chake cha awali. Alifariki Februari 2024. Mwenyezi Mungu ndiye hakimu wetu sote. Sisi twatazama yale mafuriko. Ninyi wakulima wa vitunguu wa Mang'ola mwajua tofauti ya mafuriko na mfereji. Mafuriko ni maji mengi yapitayo siku moja na kuondoka na udongo. Mfereji ni maji machache yenye njia, na ndiyo yaivishayo kitunguu.

Ndugu Waislamu, mtatuuliza: na ninyi masheikh, je? Mmesalimika? Hatukusalimika, na ingekuwa hiana kuwasema wakubwa huku tukijificha sisi wenyewe.

Katika kijiji kimoja cha wilaya yetu hii, ambacho hatutakitaja, kulichimbwa kisima kirefu, kikawekwa mashine ya kusukuma maji. Wanakijiji walimchagua mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mwenye sauti nzuri, mcheshi, mwenye kukumbuka jina la kila mtoto. Aliuletea msikiti mazulia. Nasi tukamsimamisha baada ya Sala, tukamsifu mbele ya watu, na watu wakapiga takbir. Kila ndoo ililipiwa, na sehemu ya fedha ilipaswa kuwekwa kwa ajili ya siku mashine itakapoharibika. Siku moja katika mkutano mama mmoja mjane alisimama akaomba daftari la hesabu lisomwe. Watu wakaguna. Sisi tulikuwepo. Tulimwambia mama yule akae, asimvunjie mtu heshima. Akakaa.

Baada ya miaka miwili mashine ilikufa. Hapakuwa na akiba, wala daftari, wala stakabadhi moja. Yule bwana alilia mbele ya watu, na watu walimwonea huruma, kwa kuwa hata kulia alijua. Wanawake na mabinti wakarudi kuteka maji korongoni, mwendo wa saa nzima, na baadhi ya mabinti hao walikuwa wanafunzi wetu wa madrasa, wakawa hawaji tena darasani asubuhi. Tukaenda nyumbani kwa mama yule kumwomba radhi. Alitukaribisha, akatwambia kwa upole: "Shehe, mimi sikutaka kumwaibisha mtu. Nilitaka kujua fedha za mashine ziko wapi, kwa sababu mtekaji ni mimi."

Mtekaji ni mimi! Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuweka mpaka wa mahari, mwanamke mmoja alimpinga kwa dalili ya Qur'ani, naye Khalifa akakiri hadharani kuwa amekosea. Umar alikuwa na haiba iliyowatetemesha wafalme, na mwanamke akasema akasikilizwa. Sisi hatukuwa na sehemu ya kumi ya haiba hiyo, na tulimnyamazisha wetu. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Kutokana na hayo, enyi waja wa Mungu, tumejifunza kumpima mwenye mvuto kwa mambo ambayo sauti nzuri haiwezi kuyaficha. La kwanza, mtazameni anapoulizwa hesabu. Mwema hufungua daftari. Mwingine hufungua mdomo. La pili, tazameni ni nani walio karibu naye: je, yuko hata mmoja awezaye kumwambia hapana, na kesho yake akaonekana tena mahali pale? La tatu, jiulizeni kama aliwahi kuwaambia neno msilopenda kulisikia. Mtu asemaye yale tu mnayoyapenda anawasomea nyoyo zenu, hawaongozi. Na la nne, jiulizeni: akiondoka kesho, nini kitabaki kikifanya kazi?

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu anighufirie mimi nanyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HOTUBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Ndugu Waislamu, hakuna siku iliyoupima umma huu juu ya jambo tunalolizungumza kuliko siku aliyofariki Mtume (S.A.W.), mwaka wa 11 Hijria. Nyoyo zilipasuka. Sayyidna Umar, pamoja na ushujaa wake wote, hakukubali kuwa Mtume amekufa. Ndipo akaja Abu Bakar (R.A.), mtu mpole, mwembamba, mwenye kulia upesi, akawakumbusha watu kuwa ambaye alikuwa akimwabudu Muhammad ajue kuwa Muhammad amekufa, na ambaye anamwabudu Mungu ajue kuwa Mungu yu hai hafi. Akawasomea aya ya Aali Imran isemayo kuwa Muhammad ni Mtume tu, wamekwisha pita Mitume kabla yake. Umma ukasimama. Na alipopewa ukhalifa aliwaambia kuwa amepewa uongozi juu yao naye si mbora wao. Akifanya vizuri wamsaidie, akikosea wamnyoshe.

Na Sayyidna Umar, aliyekataa kukubali siku ile, alilishika somo lile maisha yake yote. Alipokuwa Khalifa alimwondoa Khalid bin Walid katika uongozi wa jeshi, naye Khalid ni jemadari ambaye hakuwa na mfano wake. Wanahistoria wamepokea kuwa Umar alieleza kuwa hakumwondoa kwa chuki wala kwa hiana, bali alichelea watu wasije wakamtegemea Khalid wakamsahau Mwenye kuleta ushindi. Khalid akatii, akaendelea kupigana chini ya mwingine. Twamsifu aliyeondoa, na twamsifu zaidi aliyeondolewa, kwa kuwa mwenye haiba ya kweli hubaki na kazi hata cheo kikitoka.

Basi enyi wazazi, mfundisheni mtoto wenu kuuliza kwa adabu. Mtoto anayepigwa kila aulizapo "kwa nini" atakuwa mtu mzima anayeshangilia bila kujua ashangiliacho. Enyi wanafunzi, mkisikia hotuba ikiwasisimua, rudini nyumbani, andikeni katika daftari mlichoahidiwa, kisha futeni sauti na makofi mkaangalie kimebaki nini. Enyi kina mama, ninyi ndio mnaoteka. Ombeni hesabu, na atakayewanyamazisha, hata akiwa na kilemba, mkumbusheni hotuba hii. Na enyi mliopewa haiba, msiione ni dhambi wala msiione ni haki yenu. Ni amana. Mtume wetu ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Hakusema kuwa kila mmoja wetu ni kengele.

Tena tukumbuke kuwa Siku ya Kiyama, kama tulivyofahamishwa katika Sura ya Al-Baqara, waliofuatwa watawakana waliowafuata, na wafuasi watatamani lau wangerudi duniani nao wawakane wao. Majuto hayo hayatakubaliwa, kwa kuwa kila mtu alipewa akili yake mwenyewe, wala hakuna aliyeruhusiwa kumkabidhi mwingine akili hiyo pamoja na kura yake.

Kisima kile, kwa rehema za Mungu, kinafanya kazi tena. Wanakijiji walichanga upya, na mwenyekiti wa sasa ni mtu ambaye hajui kuhutubia. Akisimama hukohoa kwanza, na maneno humpotea. Lakini kila mwisho wa mwezi daftari hubandikwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, na mweka hazina ni yule mama mjane.

Ewe Mola wetu, turuzuku viongozi wanaokuogopa, na utujaalie sisi tuwe wafuasi wenye macho. Ewe Mola, wape subira na haki wote waishio Karatu na Ngorongoro, wakulima na wafugaji, wenyeji na wageni, na uwaondolee dhiki wenye kudhikika kwa ajili ya ardhi na maji. Warehemu waliotutangulia katika uongozi wa nchi hii, uwalipe kwa mema yao na uwasamehe makosa yao. Ilinde nchi yetu na fitina, na utuepushe na kiburi cha mwenye kufuatwa na upofu wa mwenye kufuata. Amin.

Waja wa Mwenyezi Mungu, hakika Mola wetu anaamrisha uadilifu na wema, na anakataza uovu na dhuluma. Mkumbukeni naye atakukumbukeni. Simameni tukasali.